Springi hubeba, shokamzoba hutuliza

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa Pemba, na huko nilikokuwa mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kukaribishwa chai. Nimerudi na kiuno kinachouma kidogo na kisa cha pikapu.

Ami yangu anakaa Mgogoni, huko Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa. Ana Hilux ya zamani, ile ya springi za mabamba mbele na nyuma, ambayo rangi yake ya mwanzo hakuna aliye hai anayeikumbuka vizuri. Gari hiyo ni ya karafuu, ya mchanga, ya saruji, ya maharusi, ya wagonjwa na ya maiti. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku wa manane, mlango wa kwanza kugongwa ni wa ami.

Safari hii nilimkuta na mkewe hawasemezani vizuri. Sababu ni shokamzoba. Mafundi wengi siku hizi husema shokapu, lakini mimi nitabaki na shokamzoba kwa sababu ndivyo nilivyolisikia neno hilo utotoni. Wiki moja kabla sijafika, mke wa ami alimsindikiza jirani mjamzito kwenda hospitali ya Wete. Walikaa nyuma, juu ya godoro. Waliporudi salama, na mtoto, alhamdulillahi, alishuka garini akaapa kwamba hapandi tena. Alisema alijiona yumo ndani ya kinu na kuna mtu anatwanga.

Ami alichukia. Akanipeleka nyuma ya gari nijionee mwenyewe. Springi zake nzima! Tena si nzima tu, ameziongezea mabamba mawili yaliyotoka kwenye lori. Gari haiinami hata uipakie nini. Sasa wanataka nini tena?

Nikainama kutazama. Shokamzoba ya nyuma kushoto ilikuwa imelowa mafuta na vumbi limegandia juu yake. Ya nyuma kulia haikuwepo kabisa. Fundi aliwahi kuitoa "kwa muda", na muda huo umefika miaka. Za mbele zilikuwepo, lakini ukiibonyeza pua ya gari kwa nguvu na kuachia, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama ngalawa imepitiwa na mawimbi ya meli.

Nikajiuliza imekuwaje mtu mwenye akili, anayeipenda gari yake, aongeze springi mara mbili na shokamzoba asiikumbuke. Nilipoanza kulifuatilia swali hilo nikajikuta narudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Hebu tuanze na kifaa chenyewe, maana kuna kutoelewana hapa. Watu wengi hudhani kazi ya shokamzoba ni kubeba gari, au kuifanya springi ngumu iwe laini. Sivyo. Mzigo unabebwa na springi. Tairi ikiingia shimoni springi inajikunja, inaiweka ile nguvu ndani yake, kisha inairudisha. Ukiiacha peke yake itarudisha, itajikunja tena, itarudisha tena. Shokamzoba ni silinda yenye mafuta, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo. Springi ikitaka kuruka, pistoni inalazimika kuyapenyeza mafuta kwenye vitundu vile, na mafuta hayakubali kukimbizwa. Ile nguvu inageuka joto. Ndiyo maana ukiigusa shokamzoba nzima baada ya safari ndefu ya barabara mbovu utaikuta ya moto. Ile iliyokufa utaikuta baridi, haijafanya kazi yoyote.

Springi ni za kale sana kuliko gari lenyewe. Mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alisajili haki ya uvumbuzi wa springi za mabamba za umbo la yai kwa ajili ya magari ya farasi. Kwa mwendo wa farasi zilitosha, kwa sababu mabamba yanaposuguana yenyewe kwa yenyewe hutuliza mtikisiko kidogo. Injini ilipokuja na mwendo ukaongezeka, msuguano ule haukutosha tena. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa aitwaye Truffault alibuni kizuizi cha msuguano, visahani vinavyokazwa pamoja vikasuguana, na Mmarekani Edward Hartford akakipeleka kwao na kukifanyia biashara. Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, akaingiza mafuta. Kilikuwa kitu cha matajiri na cha mashindano. Ford Model T, gari la mtu wa kawaida lililouzwa kwa mamilioni kuanzia 1908 hadi 1927, lilitoka kiwandani bila shokamzoba hata moja! Aliyetaka alijinunulia mwenyewe akafunga. Model A iliyofuata mwaka 1927 ndiyo iliyokuja nazo. Umbo tunalolijua leo, bomba ndani ya bomba, lilienea kuanzia miaka ya 1930, na katika miaka ya 1950 Mfaransa de Carbon akaongeza gesi ndani yake ili mafuta yasifanye povu yanapochemka.

Naomba ukumbuke hilo la povu, tutalihitaji.

Sasa turudi Pemba. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ndiyo kwanza ilikuwa inaingia visiwani. Chini ya Seyyid Said ikapandwa Unguja na Pemba, na kazi ikafanywa na watumwa. Dhoruba ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja lakini Pemba ikanusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba kubwa la karafuu la Zanzibar. Karafuu hiyo ilitokaje shambani? Kichwani. Mgongoni. Juu ya punda. Hadi pwani, kisha kwenye majahazi kwenda Unguja. Sheria ya kufuta utumwa ilipokuja mwaka 1897, vilima havikuondoka wala umbali haukupungua. Kilichobadilika ni nani analipwa, na alilipwa kidogo. Unguja ilipata reli ya Bububu mwaka 1905, ikadumu miaka isiyofika 30. Pemba haikupata reli. Ilipata gari la ng'ombe, ambalo lipo hadi leo, halina springi wala shokamzoba, na magurudumu yake yamekaa moja kwa moja kwenye ekseli. Ng'ombe hana haraka, kwa hiyo hakuna anayelalamika.

Halafu yakaja malori. Waliokaa visiwani wanazikumbuka gari za shamba: Bedford na Austin zilizoletwa na chasisi tu, kisha maseremala wetu wakazifunga bodi za mbao, madirisha hayana vioo, mabenchi pembeni, mzigo juu. Mimi nazipenda, sikatai. Ni kazi ya mikono ya watu wetu na ina uzuri wake. Lakini tazama kilichofanyika pale. Springi za lori zimepigiwa hesabu ya tani kadhaa za mzigo. Abiria 25 wa kilo 60 ni tani moja na nusu tu. Springi ya namna hiyo ikipakiwa watu haiinami sawasawa, na isipoinama haiwezi kumeza shimo. Shimo lote linapitishwa juu, kwenye ubao, kisha kwenye kiuno cha bibi aliyekaa nyuma ya ekseli. Karafuu haina kiuno.

Pikapu ni ndugu mdogo wa lori lile. Toyota Hilux ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968, na yeyote aliyewahi kupanda nyuma ya pikapu tupu anajua inavyopiga mateke, na jinsi inavyotulia ikishapakiwa. Imeundwa hivyo makusudi. Sisi Waafrika Mashariki tukaigeuza basi. Kenya, Rais Kenyatta aliruhusu rasmi matatu mwaka 1973, na nyingi za mwanzo zilikuwa pikapu zilizofungwa bodi, abiria wakiangaliana magoti kwa magoti. Dar es Salaam zikaitwa chai maharage, kwa jinsi abiria walivyokaa wakitazamana kama wako mgahawani. Mabasi ya UDA yalikuwa hayatoshi, na mwaka 1983 serikali ikakubali magari ya watu binafsi yabebe abiria. Chai maharage haikuwa ujinga wa mtu. Watu walikuwa wanataka kufika kazini.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Kuna watu waliozichukulia shokamzoba kwa uzito mkubwa kwenye barabara hizi hizi zetu, nao ni watu wa mashindano. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya aliishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta mara tano. Viwanda vya Ulaya na Japani vilileta magari yao huku yapigwe na vumbi na mawe, na timu zilibadilisha shokamzoba njiani kama mtu anavyobadilisha kanzu. Walijua kitu ambacho dereva wa pikapu ya kijijini pia anakijua kwa mgongo wake: ile barabara ya kifusi yenye vijituta vilivyopangana kama bati ndiyo muuaji mkubwa. Kila kijituta ni kidogo, lakini ni maelfu, na shokamzoba haipati nafasi ya kupoa. Mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, yanafanya povu, na povu linapita kwenye vitundu bila taabu. Hapo tairi inaanza kudunda. Tairi iliyo hewani haishiki breki wala haifuati usukani. Kwa hiyo suala hili si la starehe peke yake.

Washindani wakifika kwenye kituo chao walifungiwa mpya. Pikapu ya abiria iliyopita njia ile ile Jumatatu ilipita tena Jumanne na zile zile.

Kwa nini? Ukimuuliza fundi wa umri mkubwa atakujibu kwa neno moja: vipuri. Baada ya 1964 biashara kubwa visiwani ilishikwa na serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 Tanzania nzima ilikaukiwa fedha za kigeni. Vita na Uganda vya 1978 na 1979 viligharimu sana, bei ya mafuta ilipanda, na kipuri kikawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona. Katika hali hiyo fundi anajifunza kutofautisha kinachosimamisha gari na kisichosimamisha. Springi ikivunjika gari imelala. Shokamzoba ikifa gari inakwenda. Basi shokamzoba ikasubiri.

Na ubunifu ulikuwepo, tuwape haki yao. Bushi za mpira zilichongwa kutoka kwenye tairi kuukuu, na bado zinachongwa. Shokamzoba iliyovuja ilitobolewa, ikajazwa mafuta mazito, tundu likachomelewa, ikarudishwa kazini. Ilifanya kazi wiki, pengine miezi. Springi za pikapu ziliongezewa mabamba ya lori ili ibebe gunia mbili tatu zaidi. Huo ndio utaalamu aliokua nao ami yangu. Kwake yeye gari nzima ni gari isiyoinama.

Tatizo ni kwamba ukiikaza springi, inaporudi inarudi na nguvu kubwa zaidi, na kazi ya kuizuia inamwangukia nani? Ile shokamzoba ndogo ya kiwandani iliyopimiwa springi ya mwanzo. Inachoka mapema. Kisha inatolewa kwa sababu imechoka. Kisha gari inapiga, bolti zinalegea, bodi linapasuka, na dawa inayotajwa ni kuongeza bamba jingine. Nimeiona hesabu hii Pemba, nimeiona na bara.

Milango ya biashara ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Ali Hassan Mwinyi alilegeza biashara akiwa Rais wa Zanzibar kuanzia 1984, na mwaka huo huo bara waliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Zikaja gari zilizotumika kutoka Japani, nyingi kwa njia ya Dubai, na vipuri kutoka masoko ya magari yaliyokatwa ya Sharjah. Kwa Wapemba kulikuwa na njia nyingine pia. Wengi walikuwa na jamaa Oman, waliokwenda baada ya mapinduzi na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Tangu hapo mzigo kutoka Maskati umekuwa na mambo yake: halua, vitambaa, simu, na katikati ya mashuka, kipuri cha gari kimefungwa kama mtoto mchanga.

Hivyo ndivyo zilivyofika shokamzoba nne za ami. Mwanawe aliye Maskati alisikia ugomvi wa mama na baba kwenye simu, hakusema kitu, akazituma. Mpya, za Kijapani, ndani ya maboksi yake. Ami aliziweka ukumbini siku mbili bila kuzifungua. Nadhani alikuwa amefurahi na hakutaka mkewe aone.

Siku ya tatu fundi alikuja na jeki, panga la kuondolea majani, na kijana wa kumshikia. Mawe yakawekwa nyuma ya tairi. Nati za zamani ziligoma. Zikapigwa mafuta, zikasubiriwa, mbili zikakubali, moja ikakatwa kwa msumeno wa chuma kwa karibu saa nzima huku sisi tukinywa chai. Fundi alichukua ile shokamzoba ya zamani akaisukuma kwa kiganja, ikaingia yote bila ubishi. Akaniwekea mpya mkononi. Niliisukuma kwa mikono miwili na kifua, ikaingia polepole, polepole, kisha nilipoachia ikatoka kwa mwendo wake yenyewe, bila haraka. Nilicheka peke yangu. Miaka yote nimepanda magari na sikuwahi kukishika kitu hiki.

Halafu ukaja ugomvi wa kweli. Fundi alisema hazifungi hizi mpaka mabamba mawili ya lori yatoke, la sivyo atakuwa anaua kitu kipya. Ami akasema msimu wa karafuu unakuja. Fundi akasema shokamzoba mpya haitafanya springi ngumu iwe laini, itaizuia isirushe tu, na kwamba wagonjwa ni wengi mwaka mzima kuliko karafuu. Ami akanyamaza. Mimi nikanyamaza zaidi, mimi ni mtoto wa mjini na hiyo si gari yangu. Mwishowe mke wa ami, aliyekuwa jikoni na ambaye sote tulidhani hasikii, alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba lile godoro alilolilalia jirani bado halijarudishwa, na akiulizwa atasema limo garini linangojea mgonjwa mwingine.

Bamba moja lilitoka. La pili lilibaki. Ndivyo mambo yanavyoamuliwa kwetu, na kusema kweli sioni kama ulikuwa uamuzi mbaya.

Fundi alifunga zote nne, maana ukifunga upande mmoja mpya na mwingine wa zamani gari inakuvuta kwenye kona. Nati za bushi hakuzikaza mpaka gari liliposhuka kwenye jeki na kukaa kwa uzito wake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukizikaza gari likiwa juu, mpira unabaki umepindwa siku zote na utakatika mapema. Kisha akakwea juu ya bampa ya nyuma, akaruka, akashuka. Gari lilishuka, likapanda mara moja, likasimama.

Jioni ile tulikwenda hadi Konde kumjaribu mnyama wetu. Mke wa ami alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma makusudi, na watoto wa jirani, na wazee wawili waliokuwa wanatafuta usafiri, na mimi. Kuna mahali njiani pana bonde dogo na mawe, na kila anayepanda gari ya ami anapajua kwa sababu hapo lazima watu wapige kelele. Ami alipunguza mwendo kama kawaida yake. Tukaingia bondeni, tukatoka. Hakuna aliyepiga kelele. Si kwamba palikuwa laini, la, tulitikisika, bamba lile la pili bado lipo. Lakini gari lilitikisika mara moja likaacha.

Tulikwenda kama mita hamsini hivi, kisha ami akasimamisha gari, akafungua mlango, akashuka mbio na kuja nyuma kututazama. Alikuwa anatuhesabu. Alidhani kuna watu wameanguka.